Mashine Iliyopumzishwa

Karatu, Jumanne usiku

Halafu fundi anacheka! Nimempigia simu Arusha nikiwa nimezungukwa na wageni wa hoteli waliorudi kutoka kutazama wanyama kreta wamelowa, wanatetemeka, bafuni yanatoka maji ya baridi kama barafu. Yeye anacheka.

"Dada, mashine ni nzima. Imejifunza kwamba jioni hamhitaji maji ya moto."

Tangu atufungie hii pampu ya joto, wimbo wake ni huo huo: inajifunza yenyewe, inapasha maji mchana kwa umeme wa sola, inajua saa za watu kuoga. Haya, imejifunza kwa nani?

Kwa Mzee Tluway, mlinzi wetu. Kumbe kila jioni anawasha lile boila la zamani la kuni na kufungulia maji yake yaende vyumbani. Mashine ikaona maji yake hayaguswi, ikaacha kupasha. Leo mvua imelowesha kuni, boila halikuwaka.

Nimemfokea mbele ya wapishi. Akavua kofia.

"Mama meneja, nilikuwa naipumzisha. Inashinda ikifanya kazi mchana kutwa. Niliogopa isije ikafia mikononi mwangu."

Hasira ikazidi, ila si kwake tena. Siku ya kuifunga, fundi alishinda hapa na simu yake, akiieleza mashine tabia zetu. Bosi akapiga nayo picha. Mzee ndiye aliyewafungulia geti walipoingia, akawafungia walipotoka.

Hakuna aliyesimama kumweleza.