Kofia ya Baba Ndani ya Sinema

Mwanza

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, na hapa kiwandani tunachambua pamba kama kawaida. Mama anaendeleaje na miguu? Mihogo imestahimili jua? Nauliza kwa adabu tu, dada, maana moyo wangu hauko kwenye mihogo. Barua hii isome peke yako kwanza, usimsomee Mama.

Nimesikia gari la sinema litapita Kongowe na Misugusugu, kisha lije huko kwetu Kisarawe. Likija, usimpeleke Mama. Mwambie lolote, hata kwamba limeharibika njiani.

Ndani ya sinema hiyo nimo mimi. Walikuja watu wanaotengeneza filamu ya kuchekesha juu ya mashabiki wa mpira, wakitafuta waigizaji wa makabila mbalimbali. Wenzangu hapa ni Wasukuma, watani zetu. Saa ya chakula huwa nawaigizia Baba na redio yake: anavyogeuza kofia ndani nje timu ikifungwa, anavyoihamishia redio kivulini wakati wa mapumziko ili wachezaji wapoe. Hucheka mpaka machozi, nami nawarudishia kwa ng'ombe wao. Wana haki hiyo. Unakumbuka mazishi ya Baba, mtani alivyolala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku? Mama alicheka siku ile ile ya msiba.

Watu wa filamu wakaniona, wakanipenda, nikakubali. Nilidhani kuwachekesha watani na kuwachekesha watu wote ni jambo moja.

Juzi wametuonyesha ukumbini. Shabiki wa kutoka Moshi ni mwalimu, wa Bukoba ni daktari, wa hapa Mwanza ni dereva hodari. Mjinga ni Mzaramo peke yake, ndiye mimi. Wameongeza hata mambo ambayo Baba hakuyafanya, eti nainywesha redio uji. Niliyaigiza mwenyewe, nikiambiwa kipande hicho huenda kisitumike. Ukumbi mzima ulicheka, na wengi wao si watani zetu kabisa.

Nikamfuata mkubwa wao. "Mzee, mbona sisi tumekuwa wajinga?"

"Bwana Ramadhani, kila pembe ya nchi imo," akasema. "Ulitaka ninyi msiwemo?"

Nikaomba kipande kile kikatwe. Akasema filamu imekwisha kutoka mikononi mwake.

Nimemtoa Baba hadharani achekwe na watu wasiomjua, na sina uso wa kurudi nyumbani. Nimechoka, dada, nisikufiche.

Na kuna jambo linalonimaliza zaidi. Baba hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Pale kwenye sinema yule Mzaramo anapoinuka kuichukua redio, mkono mmoja kiunoni, nilisahau kwamba yule ni mimi. Nilimwona Baba, dada. Nimekuomba usimpeleke Mama, na sasa sijui kama nina haki ya kumnyima.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mjomba Selemani wa nazi, na shangazi aliyenilea nilipokuwa naugua. Mama mpe mkono wangu tu, usimwambie kitu.

Akisikia kwa majirani akataka kwenda, mkae nyuma kabisa. Wewe usiangalie sinema, mwangalie yeye. Watu watakapocheka, kama naye atacheka, niandikie upesi. Kama hatacheka, usiniandikie.

Mdogo wako,
Ramadhani