Nilibishana na Baba Mkwe Mwaka Mzima Bila Kumjua

Kosa la wengi wanaoniandikia ni lile lile: wanauliza kwanza wamevunja mwiko gani, kabla hawajauliza ni nani anayeumia. Mama wa Masukulu aliyeleta barua hii naye ameanzia hapo hapo. Nimebadilisha majina tu. Sentensi zake ndefu nimeziacha, maana ndivyo anavyosema mtu aliyenyamaza muda mrefu.

*Mzee Ambakisye, shikamoo. Sina pengine pa kusemea, ndiyo maana nakuomba unisaidie, na ukicheka, cheka kidogo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, tuna shamba dogo la chai na migomba, mume wangu Jotham anafanya kazi kiwandani, ni mtu mwema wala simlaumu kwa lolote, ila kitabu kwake ni kitu cha kuzuia mlango usipigwe na upepo, na mimi niliishia kidato cha nne nikiwa bado na njaa ya kusoma, kwa hiyo mwaka jana niliposikia redioni kuna kundi la Telegramu la watu wanaosoma vitabu vya zamani, riwaya za Warusi, fikra za Wagiriki, maandishi ya waliodai uhuru wa Afrika, nilijiunga siku hiyo hiyo. Kule kila mtu ana jina la kubuni. Mimi nikajiita Jani Bichi.*

*Mzee, sijui nikueleze vipi. Nikiwa shambani mikono inachuma yenyewe na kichwa kinabishana na watu wa Kigoma na Tanga ambao sitawaona maishani, na hasa na mmoja anayejiita Mwanzi Mkavu, ambaye kwa sababu ya jina hilo nilidhani ni mtu wa Njombe, kule wanakogema ulanzi kwenye mianzi. Siku ya kwanza aliniandikia, "Jani Bichi, umesoma haraka. Mwandishi hajasema hivyo, ni wewe unayetaka aseme." Nikamjibu, "Na wewe Mwanzi umesoma polepole mpaka umesinzia." Kundi zima likacheka, naye akacheka. Tangu hapo tukawa watu wa kubishana. Yeye alitetea enzi za ushirika, akasema jani la chai lilikuwa la wote, nikamwambia hilo la wote ndilo lililooza kituoni likisubiri gari, akaandika, "Hapo umenipiga. Kesho nitakuja na jibu," na kesho yake akaja nalo. Hakuna mtu aliyewahi kunijibu hivyo, kama mtu ambaye maneno yake yanastahili kulaliwa na kuamkiwa. Wakati mmoja tulikuwa tunajadili haki ya njia na mali, nikatoa mfano wa ng'ombe wa jirani aliyeingia kanisani katikati ya ubatizo wa mwanangu mdogo, na mwenye ng'ombe akadai kanisa ndilo lililojengwa kwenye njia ya ng'ombe wake. Watu walifurahi sana. Mwanzi Mkavu alinyamaza siku hiyo, kisha akarudi akiwa mpole kuliko zamani.*

*Mwezi uliopita tulifika kwenye sura inayouliza kama sheria inapaswa kufa pamoja na watu walioitunga. Mwanzi Mkavu akaandika hivi, nimenakili: "Mimi ni mgane. Nina mkamwana ambaye Jumapili huniletea ndizi na maziwa mgando kwenye sufuria ya bluu ambayo mpini wake mmoja umefungwa kwa waya. Huiweka kwenye jiwe la mlangoni, hugonga mlango, na huondoka kabla sijafungua. Sauti yake niliisikia siku ya maziko ya mke wangu tu, ikiwa ndani ya kwaya. Kwetu hiyo ni heshima. Nawauliza wenzangu, heshima hii sasa inamlinda nani?"*

*Sufuria ile ni yangu, Mzee. Waya ule niliufunga mimi.*

*Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi peke yake Nkunga. Wewe ni mtu wa huku, unajua ukutila: mkamwana hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, hataji jina lake, wakikutana njiani anaingia migombani mpaka apite. Nyumba nyingi zimeacha, wanakunywa chai meza moja, lakini mama mkwe, Mungu amrehemu, aliishika mila hiyo na kunifundisha kwa upole, na baada ya kufa kwake niliona nikiilegeza ni kama namzika mara ya pili.*

*Niliacha kuandika kundini. Nilimweleza rafiki yangu Doreen tukiwa tunachuma, akasimamisha mikono akasema, "Yaani mwaka mzima umekaa na baba mkwe mnapiga stori." Nikasema sikukaa naye, ilikuwa simu. Akasema, "Simu ndiyo mbaya zaidi, njiani ungejificha migombani, kwenye simu utajificha wapi, nyuma ya chaji?" Nikamwambia usinicheke, Doreen. "Sikucheki, mwenzangu. Nawaza tu, bibi yangu angekuwa hai angekutoza faini ya ng'ombe, halafu angekuomba umsomee mlichoandikiana."*

*Sasa Mwanzi Mkavu ananiulizia. Kwanza aliandika, "Jani Bichi yuko wapi? Kuna anayejua kama anaumwa?" Juzi akaandika, "Nimefika sura ya mwisho. Sitaki kuisoma bila yeye." Nikaficha simu kwenye debe la unga kama vile ingeniita kwa sauti. Nikijitoa, namwacha mzee peke yake. Nikijitambulisha, namjua, atajitoa yeye kwa heshima yake, na mimi nitarudi kwenye chai yangu bila mtu wa kubishana naye kichwani. Je, nimeshavunja mila? Nifanye nini? Ni mimi, Mkamwana, Masukulu.*

Mzee Ambakisye anajibu:

Marahaba, mama. Nikugombeze kwanza, tukimaliza hapo tuongee vizuri.

Umekosea jambo moja, na silo unalodhani. Kuandikiana na mtu usiyemjua si kosa. Kosa ni kwamba habari hii inayomhusu mume wako na baba yake, umeipeleka kwa Doreen kati ya mistari ya chai kabla Jotham hajaisikia. Doreen anaonekana mcheshi, nami nimempenda, lakini watu wacheshi hawakai na kichekesho peke yao. Jotham akiisikia kiwandani, atasikia kwamba mke wake ana mwanaume anayeandikiana naye. Hatasikia habari ya vitabu.

Sasa nikueleze kitu, maana wewe ni msomaji na utanivumilia. Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na mambo mawili na wote mnakumbuka moja tu. La kwanza ni hilo ukutila, umbali kati ya mkwe na mkwe. La pili ni ukwangala: kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza, kubishana bila kugombana. Waliamini akili ya mtu hukua kwenye mazungumzo ya wenzake, na anayekula peke yake hupungukiwa. Ndiyo maana vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja. Umbali ule wa wakwe uliwezekana kwa sababu kila mmoja alikuwa na kwake pa kwangala. Mzee alikuwa na marika yake, mkamwana alikuwa na wake. Leo wengi wa marika ya baba mkwe wako wamelala makaburini, na wewe marika yako hawasomi. Umebaki umbali bila ule ushirika uliokuwa ukiubeba. Hiyo njaa yako usiionee haya, mama. Ni njaa ya mila ile ile unayoogopa kuivunja.

Nije kwenye barua yako, ambayo nadhani umeiandika haraka kuliko ulivyoisoma.

Ng'ombe aliyeingia kanisani kwenye ubatizo wa mwanao: babu wa mtoto hakuwepo siku hiyo? Unafikiri kuna ng'ombe wangapi waliobatizwa nusu hapa Rungwe? Umeandika mwenyewe kwamba Mwanzi Mkavu alinyamaza, kisha akarudi mpole. Kisha, muda baadaye, mwalimu mstaafu, mtu anayejua kupima maneno, anawaeleza watu wa Kigoma na Tanga habari ya mpini uliofungwa waya. Wao waya unawahusu nini?

Nyumbani kwetu nilimwona babu yangu akifanya hivi. Alipotaka maji na jikoni kulikuwa na mkamwana tu, alimwambia mbuzi aliyefungwa uani, "Leo jua limenikausha koo." Maji yalikuja. Hakuvunja kitu. Alikuwa amesema na mbuzi. Siwaiti wenzako wa kundini mbuzi, lakini nadhani mzee wako amekutambua, naye ametumia njia hiyo hiyo kwa adabu kubwa. Siwezi kuapa. Ila mimi nasoma pale mtu anayebisha hodi, akiwa amesimama hatua kadhaa mbali na mlango ili usione haya ukikaa kimya.

Nawe umekaa kimya, na yeye sasa anafikiri amekuumiza.

Kwa hiyo usijitoe kundini. Usijitambulishe pale pia, mbele ya watu. Hayo si mambo ya hadhara. Wala Jumapili usibaki mlangoni ukamsubiri afungue, kwa sababu kulegeza ukutila si kazi yako. Ni ya mkubwa, naye ana haki ya kuamua akijua ukweli wote. Anayeweza kuupeleka ukweli huo ni mwanawe. Jotham aende Nkunga peke yake, aketi na baba yake, amweleze Jani Bichi ni nani, kisha amuulize anataka iwe vipi. Mzee akisema njooni tukae meza moja, nenda, na mama mkwe wako hutakuwa umemzika upya. Alikufundisha kumheshimu mtu huyu, na kumsikiliza ni heshima. Akisema anataka mila ibaki, ipokee bila kununa. Mtasoma sura ya mwisho kila mmoja kwake, mkijuana, mkibishana mbele ya wenzenu, na sufuria itaendelea kwenda. Hata hayo yatakuwa mengi kuliko mliyo nayo leo.

Labda unaogopa Jotham hataelewa kwa sababu hasomi. Hajawahi kupewa kitu cha kusoma kinachomhusu. Hajui baba yake analala na ukimya wa namna gani. Mzee hamwambii mwanawe mambo hayo, anawaambia wageni.

Leo Jotham akirudi kutoka kiwandani, mpe simu, mfungulie pale baba yake alipoandika, ukae karibu naye mpaka amalize kusoma.