Bomba Lililovuja Njoro

Shule ya Ufundi, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Rebeka,

Pokea salamu za mdogo wako aliye kwenye baridi. Je, mgongo wa mama umepata nafuu? Mahindi yameota, au mvua bado inawazungusha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na wewe uliyenilea sitakuficha.

Uliniuliza juu ya masomo. Najifunza kazi ya mabomba ya maji: kukata bomba, kuchonga nyuzi kwenye ncha zake ili mabomba yashikane, kuzungushia uzi wa katani na rangi ili maji yasitoke. Ni kazi nzuri. Mji unajengwa kila upande, na fundi mwenye cheti hakosi chakula. Mwalimu wetu, Mzungu mmoja mkali, alikuwa ameniahidi kwamba nikimaliza atanipeleka kwa mkubwa wa maji hapa mjini anipe kazi.

Yule rafiki niliyekuandikia habari zake, Njuguna, Mkikuyu tuliyekuwa naye meza moja ya kazi, hayupo tena. Mwezi uliopita askari walikuja na lori asubuhi tukinywa uji, wakachukua Wakikuyu wote wa shule kwa ajili ya hii Hali ya Hatari. Wengine wanasema wamerudishwa kwao, wengine wanasema wamefungwa. Uji wake ulibaki nusu kikombe. Toka siku hiyo nafanya kazi ya watu wawili, na wenzangu wakipumzika wanaongea lugha yao, mimi nakaa tu.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Kabla hajachukuliwa, mimi na Njuguna tulifunga mabomba katika nyumba ya setla mmoja, Mzungu mwenye shamba, huko Njoro. Wiki iliyopita habari ikaja: bomba la darini limevuja, dari imebomoka ikaangukia meza ya chakula. Mwalimu akatuita sote.

"Ile kona ya bomba la darini ilifungwa na nani?" Kabla sijafungua kinywa akajijibu mwenyewe, "Ni yule Njuguna, sivyo?"

Dada, ilikuwa rahisi. Njuguna hayupo, hawezi kusikia. Lakini kona ile niliifunga mimi, kwa haraka, na katani haikutosha. Nikafikiri, huyu mtu amebebeshwa makosa mengi ambayo si yake.

"Hapana, bwana. Ni mimi."

Akasema, "Basi kwa mkubwa wa maji nitampeleka mwingine."

Kipkemoi, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, aliniambia, "Wewe ni mjinga kabisa. Mtu ameshaenda!" Wengine wakacheka.

Kesho yake tulirudi Njoro. Nikalala kifudifudi darini tangu asubuhi, nikafungua kona, nikaifunga upya. Mwalimu akapanda ngazi, akapitisha kidole kuzunguka bomba, kikatoka kikavu. Hakunisifu. Alisema tu, "Cheti utapata. Kazi utajitafutia."

Kwa hiyo mwambie mama, taratibu, ile kazi niliyomtangazia imeponyoka. Nitabisha hodi hapa Nakuru, Gilgil, hata Naivasha. Sijuti, lakini nilitamani mtu wa kumweleza, ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Nisalimie shemeji mume wako, mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi anayeongoza nyimbo kanisani. Ukiandika, usitafute habari kubwa. Niambie nani amegombana na nani sokoni, kuku gani ametotoa. Na juu ya bahasha weka Josia, jina la shuleni, lakini ndani niite kama mnavyoniita nyumbani. Huku jina hilo halina wa kulitaja.

Ni mimi mdogo wako,
Kisia