Darasa la Salamu Bukoba

Mama mpenzi,

Nimesafiri siku mbili kwa basi hadi Bukoba, kuwafundisha wahadhiri wa chuo kwamba siku hizi mtu anaweza kufundisha bila kusafiri. Leo nilimtaka kila mmoja aandike swali moja la somo kwenye jukwaa la mtandaoni. Hakuna aliyegusa kompyuta. Walikuwa wanamsubiri Dokta Kokushubira, mkubwa wao kwa umri, anayeandika kwa kidole kimoja. Akaandika, akianza kwa neno la heshima la Kihaya: "Waitu, mmeamkaje?" Basi wakamjibu mmoja mmoja kwa kufuata umri, naye akamuuliza kila mtu habari za nyumbani, mpaka na mibuni ya kijijini Kamachumu. Tukafika saa ya chakula bila swali hata moja. Mfumo wenyewe uliridhika, ukawapa wote alama ya kijani ya kushiriki. Kwenye orodha ya wasioshiriki lilibaki jina moja tu, langu. Dokta akanisogezea sahani ya ndizi: "Wewe mwalimu, kwenu hamsalimiani?"

Nikakumbuka unavyolalamika kwamba nikipiga simu, ujue nina shida. Hata kadi hii nimeianza bila salamu. Leo sina shida yoyote. Shikamoo, Mama. Umeamkaje?

Mwanao,
Idrisa