Poda Ndani ya Kiwanda cha Injini

Mpendwa Mama Scholastique, naomba msaada wako, maana tangu turudi Bunia kutoka safari ya chuo sina raha. Ninaitwa Orly, nasoma ufundi wa mitambo hapa mjini pamoja na Bijou, ambaye si rafiki tu bali ndugu, kwa sababu familia yangu ilipokimbia vita kule Bule ni mama yake, Mama Godelive, aliyetupokea kwao mtaa wa Mudzipela, watoto wote tukalala mkeka mmoja, na asubuhi mimi na Bijou tulikuwa tunakimbilia uzio wa uwanja wa ndege kutazama ndege zikitua, naye ananiambia, "Orly, siku moja siye tutafungua ile kitu, tuone ni nini iko inalia mule ndani." Ee Mama, siku zile! Hatukuwa na kitu, lakini tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tulipopata diploma ya sekondari, Mama Godelive alitungoja mlangoni pa shule na kopo la poda, akatumwagia kichwani kama ilivyo desturi kwa waliofaulu, tukazunguka mtaa mzima tukiwa weupe kabisa, wamotari wanapiga honi za pikipiki zao, wamama wanapiga vigelegele, na hakuna aliyejipangusa mpaka jioni, maana ile ni furaha ya watu na lazima waione.

Mwaka huu chuo kilitupeleka wanafunzi wachache Ubelgiji, kwenye kiwanda cha injini za ndege. Mama, kile kitu cha utotoni kilikuwa mbele yetu, kimefunguliwa! Tulivalishwa makoti na kofia, tukaambiwa vumbi ni adui, na siku ya mwisho, palepale ukumbini penye injini, mkuu wao akatangaza kwamba mmoja wetu atarudi kwa staji, yaani mafunzo ya kazi, ya mwaka mzima, akataja jina langu, na kabla sijapumua Bijou alikuwa amenivua kofia, ametoa kikopo mfukoni, ananimwagia poda kichwani kwa vigelegele. Poda ikapeperuka mpaka kwenye injini. Kazi ikasimama, tukatolewa nje, na mimi kwa aibu nikajipangusa haraka haraka, nikasimama mbali naye.

Sasa chuo kinataka kumfukuza Bijou, Ijumaa ataitwa mbele ya wakubwa wa chuo, na staji yangu iko palepale. Bijou haniongeleshi. Nilipomfuata alisema tu, "Kufukuzwa, bon, nilikosea. Lakini weye ulijipangusa pudre yangu mbele ya wazungu, ukajifanya haunijue." Nafikiri nikatae staji ili tuumie wote wawili. Nifanye nini?

Orly, Mudzipela

*

Orly binti yangu, nimecheka, kisha nikafuta machozi, kwa sababu mimi pia nimewahi kupita barabara za Bunia nikiwa na poda mpaka kwenye kope, marehemu baba yangu akicheza mbele yangu. Natamani siku ile irudi hata kwa saa moja. Kwa hiyo simcheki Bijou, ila namgombeza: kila jambo na mahali pake. Mtu ameambiwa vumbi ni adui, yeye anafungua kopo! Injini ile itabeba watu, na watu hao wana mama zao.

Sasa wewe. Kujipangusa mle ndani hukukosea. Kusimama mbali na Bijou, ulikosea, na hilo ndilo linalomuuma, si staji. Tena fikiri kidogo: kikopo kile kilitoka Bunia kabla jina la mtu yeyote halijatajwa. Huenda alikibeba kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe, na liliposomwa jina lako hakusita hata kidogo. Ndugu wa namna hiyo unao wangapi?

Kukataa staji ni upuuzi. Ukikataa, Bijou atapata nini? Mama Godelive atapika chakula cha sherehe? Achana na hayo.

Leo hii nenda kwao, ukae chini, umwombe Bijou msamaha mbele ya mama yake, bila kuweka "lakini". Mwandikieni mkuu wa kiwanda barua ya kuomba radhi, wote wawili mtie sahihi. Ijumaa ingia naye mbele ya wakubwa. Usiseme hakukosa. Waeleze kile alichokuwa anafanya, uwaombe adhabu isiyomtoa chuoni. Wakikuuliza wewe umeitwa na nani, usitazame chini. Waambie: "Kichwa yenye Bijou alimwagia pudre ni hii yangu."