Shukrani za Msibani

Bukiriro, Ngara

Kaka Sostenes,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimemwomba Irine anayerudi Nyabusozi akukabidhi barua hii mkononi.

Huku mvua imenyesha na maharage yamekubali. Mama anapika vizuri tu, ila akishapakua, mwenyewe hali.

Wakili ametuita. Kesi yetu imekwama. Unajua ile zahanati ilimtibu mdogo wetu Teddy vidonda vya tumbo, kumbe mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ikampasukia. Sasa wenzetu wa zahanati wameleta video ya mazishi. Umo wewe, kaka, umesimama kando ya jeneza kutoa neno la shukrani la familia. Unamtaja daktari kwa jina, unasema alimhudumia Teddy kama binti yake. Wanauliza, malalamiko yametoka wapi tena?

Najua hatuziki mtu bila kushukuru, na siku ile hakuna aliyekuwa amejua ukweli. Wakili anataka uje uyaseme hayo mbele ya hakimu, kwa mdomo wako. Usipokuja, amesema tuache. Basi mbona umenyamaza? Aibu yako ni kubwa kuliko kaburi la Teddy?

Nimechoka kukupigia.

Nyumbani wote wanakusalimia. Jumapili nilikutana na yule daktari nje ya kanisa. Alinipa mkono, nami nikaupokea, sijui kwa nini. Naye anakusalimia sana. Anasema siku ile ulizungumza vizuri.

Mdogo wako,
Generoza