Shimo Chini ya Nyumba Yetu

Dilala, Kolwezi, mvua zinaanza

Yaya yangu Odette, dada mkubwa,

Barua hii ikukute umeketi, si katikati ya mbio zako za soko. Miguu ya mama inaendeleaje? Na wewe, kile kikohozi cha kiangazi kimekuacha? Sisi huku tunaamka, tunakula, watoto wanaenda shule. Baba yao bado yuko Nzilo, kwenye kazi ya bwawa la umeme, anarudi mwisho wa juma tu. Kwa hiyo haya nitakayokueleza yalinikuta peke yangu na watoto. Mama usimsomee yote.

Nilikuambia kwa simu kwamba mwenye nyumba, Mama Véronique, anataka kuuza jengo lote ahamie kwa binti yake Likasi. Mengine sikuyasema. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa madini. Hakupanda hata ngazi kutazama vyumba. Alikuja na vijana wawili, wakachimbua udongo wa uani, wakautia katika mifuko, wakaenda. Hapo tukaelewa: hakutaka nyumba, alitaka kilicho chini yake. Huku, yaya, kuna watu wanaovunja sakafu za vyumba vyao kutafuta kobalti.

Wapangaji wote tukakusanyika uani. Tata Ilunga wa ghorofa ya juu, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, akasema: "Juu ya nini tunangoja kufukuzwa? Tununue sisi benyewe, bote pamoja, tuwe kooperative. Hakuna mutu moya atakuwa bwana wa nyumba. Kila mutu atakuwa na sehemu yake."

Wengine walicheka. Lakini Mama Véronique alikubali kutungoja hadi mvua za kwanza, na kicheko kikaisha. Mimi niliuza cherehani yangu ya pili. Jirani mmoja aliuza friji, mwingine mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kujenga kwao. Kila nyumba ilitoa kitu kilichouma.

Kisha sakafu yangu ikaanza kutetemeka.

Nilikuwa nashona sare za shule, nikaona mkasi unasogea wenyewe juu ya meza. Nikasema ni malori. Baadaye nikaona ufa nyuma ya jiko, umetoka sakafuni umefika dirishani. Chini yangu anakaa Kalenga, dereva wa taksi-moto, pikipiki ya kubeba abiria, na mke wake Mado na watoto wao. Nikakumbuka kwamba siku hizi Mado haniiti tena ndani. Anaongea nami mlangoni, pazia amelishika kwa mkono.

Nilimwita Tata Ilunga, tukashuka.

"Bwana haiko, tata," Mado alisema.

"Mado, mama, tuache tuingie."

Akatupisha, macho chini. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na mahali pake palikuwa na shimo la kupita mtu, kamba imening'inia ndani. Tochi ikamulika kutoka chini, kisha kikatokea kichwa cha Kalenga, chekundu kwa vumbi.

"Kalenga, uko natuua!" nililia.

"Niko nachimba mu chumba yangu."

"Na mi niko nalala juu yako na batoto! Hii nyumba ikianguka, haitauliza nani alitoboa!"

Kalenga alipanda juu. Aliketi ukingoni mwa shimo kama mtu aliyechoka tangu zamani. "Moto yangu ilikufa," alisema. "Mulisema kila mutu alete sehemu yake. Nilipata haya ya kukuja mbele yenu mikono mitupu. Nilijiambia, nitapata kidogo tu, halafu nitafunga."

Katika mkutano wa wapangaji karibu wote walitaka atoke, na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Tata Ilunga alingoja tuchoke. "Tukimufukuza leo, ataenda na batoto yake, na tundu itabakia na sisi," alisema. "Njia yake ya chini, nani anaijua? Ni yeye tu."

Ni kweli. Kalenga akatuonyesha: ilipita chini ya ngazi, ikakunja, ikaishia sawasawa chini ya jikoni kwangu. Nikapanda mbio, yaya, nikawatoa watoto jikoni.

Basi tukaziba. Yeye na mwashi tuliyemwita walikuwa chini, sisi tukipitishiana mawe kwa mabeseni. Watoto niliwapeleka kwenye ukumbi wa parokia. Kila kishindo kilinitoa mbio hadi uani.

Tulipomaliza, nilimsihi Tata Ilunga asimwambie Mama Véronique. Akijua, atamuuzia yule mtu wa mifuko! Akakataa: "Hatutaingia mu nyumba yetu na uongo." Nikamchukia siku ile.

Mama Véronique, akishaambiwa yote, alikuja, akapanda polepole, akaweka kiganja juu ya ufa. Akaufuata hadi dirishani, nikajua tumekwisha. Kisha akasema: "Ule mwingine mununuzi angetoboa yote. Nyinyi mulikuwa munaziba." Akatia sahihi hati ya mauzo pamoja nasi. Kalenga naye yumo. Atalipa kidogo kidogo.

Nyumba ni yetu, yaya, lakini nguvu za kushangilia sina. Mvua ya kwanza iliponyesha, wote tulitoka tukasimama uani tunalowa, tunatazama ukuta. Kalenga alibandika sikio lake kwenye matofali. Mwishowe Mado akasema, "Inasimama." Tukarudi ndani mmoja mmoja, yeye Kalenga wa mwisho.

Mwashi anasema tungoje masika yote ndipo tutajua. Kila lori likipita natazama ukuta kwanza, halafu watoto.

Nisalimie shemeji, na mjomba katekista, na shangazi anayeuza ndagala pale bandarini Kalemie. Mwambie harufu ya vile visamaki vyake naitamani. Mama mkumbatie kwa mikono yangu. Mkienda misani Jumapili, katika maombi yenu itajeni na nyumba hii.

Mdogo wako asiyekusahau,
Régine